Kitana cha Maiken

Birthe Kjærgaard hakuwahi kuingia mahali kimyakimya, wala kutoka kimyakimya. Akifika kwa muuza nyama, mlango haujajifunga nyuma yake alishasema, "Ni mimi Birthe, nimefika." Akishafungiwa soseji zake alisema, "Ni mimi Birthe, naondoka." Muuza nyama alikuwa na macho mawili mazima na alikuwa amemwona tangu akiwa ng'ambo ya barabara, kwa hiyo alimjibu tu, "Ahsante kwa taarifa." Mumewe, Ejvind, alishazoea zamani. Aliketi jikoni na gazeti lake, na mkewe akiingia na kujitangaza, yeye bila kuinua kichwa alisema, "Nilidhani ni mwizi, nikafurahi kupata mgeni."

Watu wakimcheka, naye alicheka. Lakini hakikuwa kichekesho. Ilikuwa kazi iliyomwingia mpaka kwenye mifupa. Kwa miaka thelathini na moja Birthe alizunguka magharibi ya rasi ya Jylland, kule ambako upepo haujui likizo, akiwafundisha watoto wadogo wasioona na wazazi wao. Hakuwa na darasa. Darasa lake lilikuwa sakafu ya sebule ya mtu, na wanafunzi wake aliwapokea wakiwa bado wananyonya akawaacha siku wanapoanza shule.

"Mtoto anayeona anauona mgongo wako ukitoka chumbani," aliwaambia wazazi. "Huyu wako hauoni. Ukiondoka bila kumuaga, kwake hujatoka, umeyeyuka. Na mtu anayeyeyuka, nani atamwamini tena?"

Kwa Maiken na Troels aliitwa mara ya kwanza Tilde akiwa na miezi mitano. Walikaa nyumba ya matofali mekundu kwenye njia inayoelekea ghubani. Mtoto alizaliwa haoni. Hata mwanga wa dirishani haukumfikia. Maiken alikuwa mtengeneza nywele wa mjini, mwanamke mwenye mdomo ambao wateja walilipia kuusikia kuliko mkasi wake, lakini siku hiyo hakuwa na neno. Tilde alikuwa amelala chali kwenye blanketi, kimya, ngumi zimekunjwa.

"Hanipendi," Maiken alisema hatimaye. "Nikimwimbia ananyamaza. Nikimsemesha anaganda. Watoto wa wenzangu wanacheka."

Birthe alijilaza sakafuni na koti lake mwilini, kichwa chake kando ya kichwa cha mtoto. "Ni mimi Birthe, nimefika," alimwambia Tilde. Kisha akamgeukia mama. "Hajaganda. Anakusikiliza. Sisi tukimsikiliza mtu tunamgeuzia uso, yeye anatulia. Mwimbie tena, ila safari hii tazama vidole vya miguu."

Maiken aliimba. Vidole vya miguu vya Tilde vikafunguka kimoja kimoja, vikafumba, vikafunguka tena. Maiken alilia mpaka kahawa ikapoa mezani, kisha akajifuta pua kwa taulo la mtoto.

"Kumbe ana masikio miguuni," alisema. "Hayo kayarithi kwa baba yake, maana yule kichwani hana."

Tangu siku hiyo Birthe alikwenda kila Jumanne. Aliwafundisha wasimkamate mtoto mkono na kumburuta kwenye vitu, bali waweke mikono yao chini ya wake wamngojee aamue mwenyewe. Alimtengenezea sanduku lililoning'inizwa vijiko, funguo na brashi ya kuoshea vyombo, ili akirusha mguu akutane na kitu, na akirusha tena akikute palepale. Tilde alitambaa kwa kuchelewa, akatembea kwa kuchelewa, na alipoanza kusema akasema kwa fujo. Alipotimiza miaka miwili, Birthe alileta ubao.

Kila familia ilipata ubao wa namna ile, na Ejvind ndiye aliyeutoboa matundu na kuupiga vigingi. Ulitundikwa kando ya mlango wa mbele, kimo cha kifua cha mtoto, wenye safu mbili. Safu ya chini ilikuwa Nyumbani. Safu ya juu ilikuwa Nje. Kila mtu alikuwa na kitu chake chenye kitanzi cha uzi. Troels, aliyeendesha lori la kukusanya maziwa mashambani, alikuwa na kipande cha mpira wa bomba. Bibi Ketty, mama yake Maiken, aliyekaa nyumba ndogo ng'ambo ya ua pamoja na kuku wake, alikuwa na kastabini yake ya kushonea. Birthe alikuwa na kibanio cha nguo. Maiken alikuwa na kitana cha mbao kilichovunjika jino moja. Aliyetoka alikipandisha kitu chake, mkono wa Tilde ukiwa juu ya wake. Aliyerudi alikishusha.

Kila asubuhi, kabla ya uji, Tilde alikwenda ubaoni na kuwasoma watu wake kwa sauti, mithili ya mtangazaji wa redio. "Nyumbani, Mama. Nje, Baba. Nje, Bibi. Nje, Birthe." Akipita kwenye kitana, kidole chake kilisimama kidogo kwenye pengo la lile jino. Nje hakukuwa mahali pa kutisha. Nje kulikuwa na maana moja tu, kwamba mtu huyo atarudi. Birthe aliuonea fahari ubao ule, tena fahari ya wazi. Huko kwao mtu akikisifia kitu hukiita "si kibaya", lakini yeye ubao wake aliuita mzuri.

Maiken aliugua Tilde alipokuwa na miaka minne. Ilikuwa saratani, tena ya kongosho. Asubuhi moja ya Septemba aliondoka kwenda hospitali kwa siku tatu. Ndivyo walivyoambiwa, siku tatu. Tilde alikuwa bado amelala, na mama yake hakuwa na moyo wa kumwamsha. Alikipandisha kitana mwenyewe, bila mkono wa mtoto juu ya wake, akaingia garini.

Siku tatu zikawa wiki, wiki zikawa mbili. Kisha Tilde akashikwa na tetekuwanga, na wodini kule mtoto mwenye tetekuwanga hakanyagi. Alizungumza na mama yake kwa simu. Lakini simu haina mikono, na kwa Tilde mtu asiye na mikono alikuwa nusu mtu.

Alhamisi moja mchana Birthe alikwenda kumwona Maiken. Alimkuta amekonda, kichwa kimefungwa kitambaa, yeye ambaye kila mwezi alikuwa na rangi mpya ya nywele.

"Usiniangalie hivyo," Maiken alisema. "Ningekuwa mteja wangu ningejifukuza. Keti, nikuulize la kikazi."

"Uliza."

"Kitana changu. Nikifa, kitawekwa wapi?"

Birthe alikuwa na jibu la kila mzazi na kila jambo: mtoto asiyetaka kutafuna, mtoto anayejibonyeza macho, mtoto anayeogopa nyasi. Hapo aliuwaza ubao. Safu mbili. Miaka yote hiyo, ubao baada ya ubao, nyumba baada ya nyumba, hakuwahi kuwaza kwamba watu wana sehemu ya tatu ya kwenda. Angeweza kusema sijui. Angeweza kusema, njoo tulifikirie pamoja, mimi na wewe, tungali na muda. Maiken alikuwa amemwekea nafasi hiyo mbele yake.

"Usiwaze hayo sasa," Birthe alisema. "Utakuja kukishusha mwenyewe."

"Wewe ndiye uliyenifundisha kuaga," Maiken alisema, bila ukali. Kisha akauliza habari za goti la Ejvind, lililokuwa likimsumbua, na Birthe akamweleza. Nusu saa nzima waliongea habari za goti la Ejvind. Jumapili Maiken akafa.

Kwenye mazishi majirani walipandisha bendera nusu mlingoti, na jeneza lilipokwisha kushushwa, Ketty akatangulia nyumbani, akaenda uani akaivuta ya kwake mpaka juu kabisa, kama ilivyo desturi mazishi yakiisha. Upepo ulikuwa mkali na kamba ikawa inaupigapiga mlingoti. Tilde, aliyebaki nyumbani na jirani kwa sababu vipele vyake vilikuwa havijakauka, alitoka mpaka kizingitini akatega sikio. Bendera aliijua. Bendera hupandishwa mtu wa nyumbani anapotimiza mwaka.

"Nani ana siku ya kuzaliwa?" aliuliza, wengine waliporudi.

Watu walisimama na makoti yao meusi. Mwishowe Troels alipiga magoti mbele ya mwanawe. Alikuwa mtu wa maneno machache hata siku njema.

"Mama amekwenda mbinguni," alisema.

"Mbinguni ni nje?"

Troels alitafuta jibu usoni mwa Birthe, na Birthe akatazama sakafu. "Ndiyo," Troels alisema. "Ni nje."

Basi Tilde akangoja, maana alifundishwa kungoja na alifundishwa vizuri. Kila asubuhi alisoma ubao: "Nyumbani, Baba. Nje, Bibi. Nje, Birthe. Nje, Mama." Kila Jumanne Birthe alikuja na nia ya kusema kweli, na kila Jumanne Troels alimvuta pembeni jikoni. "Si leo, Birthe. Leo amekula vizuri. Wiki ijayo." Na Birthe, ambaye asingemruhusu mzazi yeyote atoke chumbani bila kuaga, alikubali wiki ijayo, na wiki ijayo nyingine, mpaka ikafika Novemba. Alijichukia kwa hilo. Akiwa peke yake garini alijisemesha maneno ambayo asingemwambia hata adui.

Jumanne ya tatu ya Novemba alifungua mlango akasema, "Ni mimi Birthe, nimefika," na hakuna mkono uliokuja kumpokea. Ketty alikuwa amesimama jikoni, ameegemea sinki, na kiganja mdomoni. Ndani kabati lilikuwa linafunguliwa na kufungwa.

"Mama amerudi!" Tilde alipiga kelele kutoka chumbani. "Anajificha! Usimwambie alipo, Birthe, namtafuta mwenyewe!"

Birthe alitazama ubao. Kitana kilikuwa safu ya chini.

Tilde alitoka chumbani mbio, mkono mmoja ukutani, uso umejaa kicheko. Alipapasa nyuma ya mapazia. Alipapasa chini ya meza, akainua mto mmoja mmoja wa sofa, akaingiza mkono kwenye mashine ya kufulia. "Mama, nakusikia unapumua," alisema, akasimama asikilize, na aliyekuwa akipumua alikuwa Birthe.

"Ketty," Birthe alisema kwa sauti ya chini, "umefanya nini?"

"Malkia amekufa," Ketty alisema. Malkia alikuwa kuku wake mkongwe, aliyekubali kupakatwa na Tilde saa nzima bila kulalamika. "Nimemkuta asubuhi kibandani. Nimerudi ndani, mtoto anasoma: Nje, Mama. Kila siku ya Mungu, Birthe. Nje, Mama. Nje, Mama. Nikashindwa. Nilitaka asome mara moja tu, Nyumbani, Mama. Hata mimi nilitaka kulisikia."

Hasira ilimpanda Birthe. Alikuwa na maneno, tena makali, ya kumchuna Ketty ngozi. Kisha akakumbuka kitanda cha hospitali na goti la Ejvind, akayameza. Ketty alikuwa mama aliyefiwa na binti yake pekee. Aliyekuwa na la kujibu alikuwa Birthe mwenyewe.

Nyumba ilikuwa imenyamaza. Walimkuta Tilde bafuni, ameketi ndani ya beseni kubwa la kuogea, kavu, na soksi zake. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Hayupo popote," alisema. "Ubao umenidanganya."

"Umekudanganya," Birthe alisema. "Nami pia. Ngoja, narudi sasa hivi. Naenda kibandani kwa kuku, halafu narudi."

Alirudi na Malkia mikononi, akaketi kwenye vigae vya bafuni. Aliweka mkono wake juu ya manyoya na kungoja mpaka mkono wa Tilde ukaja juu ya wake, ukateleza taratibu, ukafika mpaka kwenye ukucha.

"Ni Malkia," Tilde alisema. "Ni baridi. Mbona hakishiki kidole changu?"

"Amekufa, Tilde. Mwili wake umekoma. Hapumui, hasikii, haumii."

Tilde aliweka kidole kwenye mdomo wa kuku, akangoja. "Kesho atapumua?"

"Hapana."

"Jumanne?"

"Hapana."

"Nikimngoja sana?"

"Hata ukimngoja sana."

Mkono mdogo ulirudi nyuma mpaka kwenye ukucha, ukabaki hapo. Birthe alijua swali linalokuja na angetoa miaka yake yote ya kazi lisimfikie.

"Na Mama?"

"Na Mama pia. Mama amekufa. Mama hayuko nje. Harudi."

"Ni baridi?"

"Ndiyo, mpenzi wangu."

Birthe alikuwa amesikia vilio vya watoto wengi, vya njaa na vya ukaidi na vya kuanguka. Hiki hakuwahi kukisikia. Kilikuwa kilio kizito cha mtu mzima, katika kifua kisichotosha kukibeba. Ketty aliingia ndani ya beseni na viatu vyake, akamkumbatia mjukuu wake, na wakawa wanalia wote wawili mle ndani huku Birthe akiwa sakafuni na kuku aliyekufa mapajani.

Baadaye sana, Tilde alikwenda ubaoni mwenyewe. Alikivua kitana kwenye kigingi.

"Si cha Nyumbani," alisema. "Na si cha Nje. Kinakaa wapi?"

"Sijui," Birthe alisema. "Mama yako aliniuliza hivyo hivyo, nikiwa nimeketi karibu naye. Nilipaswa kumjibu. Sikumjibu."

Ketty aligeuza kichwa akamwangalia, na Birthe hakuukwepa uso wake. Tilde alipitisha kidole kwenye meno ya kitana, akafika kwenye pengo, akasimama. Kisha akampa bibi yake.

"Nichane," alisema.

Kitana kikawa kitana. Kila asubuhi Ketty alimchana nacho, na palipokosa jino nywele zilibaki zimesimama kidogo, na hakuna aliyezilaza.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, Birthe alifikia kustaafu. Tilde naye angeanza shule Agosti, na mwalimu mwingine, kijana, mwenye bangili ya shanga kwa alama yake. Kila alipomaliza na familia Birthe alikivua kibanio chake ubaoni, mkono wa mtoto ukiwa juu ya wake, akaondoka nacho. Nyumbani alikuwa na kopo la biskuti lenye vibanio arobaini na sita. Taratibu ya kazi ilikuwa wazi, na yeye mwenyewe alisaidia kuiandika: mwalimu anayeondoka aondoke kabisa, mtoto asije akaachwa akingoja.

Basi Jumanne ya mwisho walikunywa kahawa, Troels akasema kazi ya Birthe haikuwa mbaya, na macho yake yakawa mekundu. Halafu akapandisha bomba lake, akaenda kwenye lori. Ketty naye akapandisha kastabini akaenda kwa kuku. Birthe akapiga magoti mbele ya ubao, akangoja mkono, ukaja. Akakivua kibanio.

Mkono wa Tilde ukakaza. "Umekitoa."

"Ndiyo. Leo ni mara yangu ya mwisho, nilikuambia, unakumbuka? Nimezeeka, napumzika kazi."

"Unakufa?"

Birthe hakulitarajia. Miaka yote hiyo, na bado hakulitarajia. "Hapana," alisema. "Sifi. Nastaafu."

Tilde hakuridhika na neno. Alimshika kifundo cha mkono, akapanda mpaka shingoni, akampapasa mashavu. Aliweka kidole chini ya pua yake akangoja, vile alivyongoja kwa kuku.

"Unapumua," alisema. "Na una joto."

"Ndiyo."

"Basi si cha kutolewa." Alikichukua kibanio kutoka vidoleni mwake. Mkono wake wa pili ulitembea kwenye safu ya juu, ukapita bomba, ukapita kastabini, ukafika kwenye kigingi kitupu cha kitana, ambacho hakikuwa kimetundikwa kitu tangu Novemba. Uligusa hapo kidogo. "Hapa pana nafasi," alisema, na akakitundika.

Birthe alipaswa kumweleza. Alijua kuliko mtu yeyote katika Jylland nzima maana ya safu ile. Alisimama, magoti yakimuuma. "Ni mimi Birthe," alisema, akashika kitasa, akaanza upya. "Ni mimi Birthe, naondoka."

"Nimesikia," Tilde alisema.

Nyumbani, Ejvind alisikia mlango ukifunguka na kufungwa, na hakusikia neno. Kwa mara ya kwanza tangu wahamie nyumba ile aliinua kichwa kutoka kwenye gazeti. Birthe alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na koti lake. Ejvind aliinuka na goti lake bovu, akalishusha kopo la biskuti kutoka kwenye rafu, akafungua kifuniko, akamnyooshea kama alivyofanya mara arobaini na sita.

"Kiko wapi?" aliuliza.

"Nje," Birthe alisema, akavuta kiti akaketi.